Gari la Watu Wangapi?

Haipiti wiki kijana asinijie hapa barazani kwangu Lipangalala, Ifakara, na swali lile lile. Anaanza na shikamoo ndefu kuliko kawaida, anaulizia miguu yangu, anasifia kuku wangu, na mimi nimeshajua. Halafu analitoa: "Bibi, nataka kagari kadogo ka kwendea kazini. Gari gani halili mafuta?"

"Lililopaki," namjibu.

Wengine wanacheka, wengine wananuna. Lakini wanangu, sikujibu kwa dharau. Nimeshika mpira wa pampu pale sheli tangu nywele zangu zikiwa nyeusi mpaka bega lilipokataa. Nilianza pampu ikiwa ya kuzungusha kwa mkono, ukimaliza lori moja unatamani kulala. Nimestaafu pampu inahesabu yenyewe na mteja analipa kwa simu bila hata kunitazama usoni. Mji mzima uliniita Mama Pampu, mpaka padre. Kuendesha sijui, na sitajifunza sasa. Ila magari nayajua kama mama ntilie anavyowajua wateja wake: huyu anakula sahani moja anatosheka, yule atarudi kuulizia ukoko.

Aliyenifundisha kazi ni msimamizi wetu, Mzee Kaberege, Mungu amrehemu. Mtu mfupi, mkali, kofia haimtoki. Siku ya kwanza aliniambia, "Binti, usiangalie gari linavyong'aa. Angalia linarudi lini." Kisha akanionyesha namna ya kupima gari kwa kidole. Unaingiza kidole kwenye ekzosi, unafuta, unaangalia. Kikitoka na masizi meusi makavu yanayopeperuka, injini inachoma mafuta ovyo. Kikitoka na weusi wa kunata, kama mafuta ya kikaango, hapo inakula na oili, achana nalo. Kikitoka na kavumbi ka kijivu, haya, endelea kulitazama.

Nami kwa kimbelembele changu nikaenda kumjaribu mteja wa kwanza. Gari limetoka Mikumi, limekimbia mchana kutwa, ekzosi inachemka, nikatia kidole. Jamani! Nilipiga yowe mpaka watu wa gereji ya jirani wakatoka na spana mikononi. Mzee Kaberege alicheka hadi akakaa chini juu ya dumu. "Nimesahau kukuambia," akasema, "gari likiwa limepoa." Basi na ninyi mkienda kukagua gari la mtu, fikeni asubuhi kabla hajaliwasha. Mkikuta tayari linanguruma na lina moto, muulizeni alikuwa anaficha nini. Gari bovu hupenda kuonwa likiwa limepata moto.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Ni kweli, lakini wahenga hawakununua gari la mtumba.

Kosa kubwa la watu wa bonde hili ni kunywesha gari kwa kijiko. Anakuja, taa ya mafuta inawaka, anaweka kidogo. Kesho taa inawaka, anaweka kidogo. Mwaka mzima anatembea na taa, halafu anakuja kunilalamikia mimi kwamba gari lake linakunywa. Utajuaje linakunywa kiasi gani wakati hujawahi kuliona limeshiba? Jaza siku moja mpaka pampu ikate yenyewe, rudisha ile namba ndogo ya kilomita kwenye sifuri, fanya safari zako za kazini kama kawaida, kisha rudi pampu ile ile, ujaze tena mpaka ikate. Kilomita ulizokwenda, gawanya kwa lita zilizoingia. Hapo ndipo utajua. Na kingine: ile pampu ndogo iliyomo ndani ya tangi inapoozwa na mafuta yenyewe. Ukitembea na tangi kavu kila siku unaikaanga, na siku ikifa utakuwa mbali na nyumbani.

Msidanganywe na injini ndogo peke yake. Palikuwa na mfanyabiashara mmoja wa mchele hapa, mtu wa mikogo, aliyenunua kile mnachokiita bebi woka, gari kama kibiriti, akajisifu mji mzima kwamba halili kitu. Baada ya wiki mbili alikuwa anakuja sheli mara nyingi kuliko mwenye lori. Nikamchungulia nyuma: magunia mpaka kwenye dari, shokapu zimelala, pua ya gari inatazama mbinguni. "Baba," nikamwambia, "umemtwika mbuzi mzigo wa punda." Injini ndogo ikibeba isichokiweza inapiga kelele, na ikipiga kelele inakunywa. Gari huchagui kwa udogo. Unachagua kwa mzigo wake, barabara yake, na je, spea zake zipo hapa Ifakara au zinasubiriwa kutoka Dar huku limekaa juu ya mawe.

Haya yote niliyajua. Ndiyo maana nilipigwa butwaa na Yusta na mama yake.

Mama yake Yusta ni rafiki yangu tangu ujana. Mimi ni wa mjini, mtoto wa Lipangalala, yeye ni mtu wa Kivukoni. Kwao walikuwa watu wa mitumbwi, baba na kaka zake wote, na yeye alikaanga samaki pale pale magari yalipopanga foleni kusubiri pantoni, kabla hatujapata daraja. Kambale wake ulikuwa unamsikia kwa harufu kabla hujaona mto. Kisha akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalala, mdomo ukavutwa, na maneno yakawa yanatoka moja moja kwa shida. Mwanamke aliyekuwa anapiga domo kunishinda mimi! Nililia, siwafichi.

Yusta ndiye aliyebaki naye nyumbani. Ni mwalimu, shule yake iko ng'ambo ya daraja, njia ya kwenda Lupiro. Mchana mama anakaa na jirani, mwanamke mwema, lakini naye ana wanawe, jua likizama lazima aende kwake. Kwa hiyo Yusta kila jioni alikuwa anashindana na jua. Kwa bodaboda, kwa lori la mtu, kwa chochote kinachopita. Kiangazi alifika mwekundu kwa vumbi, masika alifika anatetemeka. Na mara nyingine alichelewa, jirani akaondoka, mama akakutwa peke yake ameteleza kwenye kiti.

Kaka yake Yusta, Deo, anaishi Dodoma. Alipokuta mama katika hali ile siku moja, alikasirika. Simlaumu, ni mtoto wake. Akamwambia dada yake mbele yangu, "Yusta, nakuachia masika haya yanayokuja. Yakikushinda, mama namchukua."

Mama alisikia. Akashika ukingo wa kitanda kwa ule mkono mzima na kutamka neno moja tu, "Hapana." Baadaye tukiwa wawili aliniambia mengine kwa taabu, kipande kipande, nikayaunga: akiondoka bondeni, ataondoka amelala. Basi ndivyo hali ilivyokuwa. Yusta asipopata gari la kumfikisha nyumbani kila siku kabla ya jua kuzama, mama anakwenda kufia kwa watu.

Yusta aliuza mpunga wake, akauza na kiwanja alichokuwa anakipenda, akaja kwangu. "Mama mdogo, nina nafasi moja tu. Nikikosea sina pa kurudia. Nichagulie."

Nilijiona mkubwa, nisiseme uongo. Tulizunguka gereji zote. Mwishowe yakabaki mawili, na wenye nayo wakakubali tuyalete nyumbani mama ayaone. La kwanza la kijivu, limeinuka, tumbo lake liko mbali na ardhi, injini ya kutosha, ekzosi nimepima kwa kidole, kimetoka na kavumbi ka kijivu tu. Linakula kiasi, si sana. La pili lilikuwa kile kibebi woka cheupe. Kisafi, nakubali. Mafuta kinanusa tu. Lakini kifupi! Nikainama kuangalia chini yake, nikaona kama kuku anayeatamia.

"La kijivu," nikasema. "Mjadala umefungwa. Barabara ya ng'ambo si lami, masika maji yanapita juu yake. Hiki kitatumbukia kwenye shimo la kwanza, na wewe ndani yake."

"Mama mdogo, la kijivu nitaliwekea nini?" Yusta akasema. "Nitaendesha siku mbili, la tatu nirudi kwenye bodaboda. Mimi nakwenda kila siku ya Mungu."

Tukabishana pale uani. Mama alikuwa kwenye kiti chake kibarazani, anatutazama. Akainua mkono wake mzima, akalionyesha lile la kijivu.

"Wa-tu," akasema. "Wa-ngapi?"

"Watano, mama," Yusta akajibu. "Linabeba watu watano."

Mama akatikisa kichwa, amekunja uso. Akaonyesha kile cheupe. "Wa-tu wangapi?"

"Hata hicho watano, mama, wakijibana."

Uuu, alikasirika! Alipiga mkono wa kiti, akajaribu neno jingine likakataa, machozi ya hasira yakamlenga. Mimi nikajifanya mfasiri. Nikasema, "Namwelewa. Anaogopa watu wa lifti." Nikahubiri pale pale. "Yusta, sikia mama yako. Huku kwetu ukipita mtu na kiti kitupu umemtukana. Watakujaza. Leo bibi na bata wake, kesho gunia, na kila mtu anakwambia nishushie hapo mbele tu. Mafuta yako yataisha kwa ajili ya 'hapo mbele tu'. Funga vioo, kanyaga, pita."

Mama akanitazama kama unavyomtazama mtoto anayekuletea chumvi umemtuma sukari. Kisha akakata shauri mwenyewe. Akanyoosha kidole kwenye kile cheupe, akakiacha hapo hapo mpaka Yusta akasema, "Nimekuona, mama. Basi ndicho."

"Ala! Tangu lini gari likachaguliwa na mgonjwa?" nikafoka. Nikachukua khanga yangu nikaenda zangu. Siku tatu sikukanyaga pale.

Kiangazi kilinisuta vizuri. Yusta alifika nyumbani jua likiwa bado juu ya migomba, na tangi lake likashiba wiki nzima na ushee. Hiyo ndiyo faida ya kagari kadogo kwa mtu wa kwenda na kurudi, siwezi kubisha. Alikuwa anajaza upepo kwenye matairi kila Jumatatu kama nilivyomwambia, maana tairi lililolegea nalo linakunywa. Alibadilisha plagi kwa wakati. Mwanafunzi mzuri kabisa, isipokuwa kwenye lifti.

Thubutu afunge vioo! Nilikuwa namwona anaingia mjini kagari kamejaa hadi vioo vina ukungu. Kulikuwa na mfugaji mmoja, Kulwa, Msukuma mrefu ambaye magoti yake yalifika kwenye kidevu, kila jioni anapanda na dumu la maziwa mapajani, akishuka anasema, "Wabeja, mwalimu," ndiyo asante ya kwao, yameisha. Kulikuwa na akina mama wa mpunga na majembe yao. Nikamwambia, "Yusta, unanywesha bonde zima."

"Mama mdogo, ninawapita vipi? Wananijua mpaka jina la mama."

"Pita ukiangalia mbele."

"Ungekuwa wewe, ungepita?"

Mimi sina gari, na lifti zake nilikuwa nazipanda kwenda misa.

Masika yakaingia, na safari hii yaliingia kwa hasira. Mto ukapanda, maji yakalala mashambani. Nami kila jioni nikawa nakwenda kukaa na mama, kwa kisingizio cha kumpelekea uji. Kweli nilikuwa nasikiliza barabara. Yeye pia. Tulikuwa vikongwe wawili tumetega masikio kwa kagari kamoja.

Ndipo ikaja ile siku. Mvua ilianza kabla ya adhuhuri, na Deo akatokea kutoka Dodoma bila taarifa, na gari kubwa la kuazima. Akatusalimia vizuri, "Shikamoo, mama mdogo," lakini macho yake yalikuwa kwenye saa. Akaketi kwenye stuli. Baada ya muda akaingia ndani, akatoka na mfuko wa mama, nguo zimekunjwa. Akauweka mlangoni.

"Mvua kama hii hatavuka," akasema taratibu. "Nimeuliza. Maji yamekata barabara ng'ambo, malori yenyewe yamesimama. Mama mdogo, mimi sipendi, lakini wewe kwa bega hilo huwezi kumwinua, na jirani akiondoka na Yusta hayupo, mama naondoka naye. Nimelala Dodoma miezi sina usingizi."

Na mimi mwenyewe nilishasema hivyo. Shimo la kwanza. Nilimtazama mama, yeye alikuwa anautazama ule mfuko wake. Nilitamani kuupiga teke uangukie kwenye matope.

Jirani akaanza kukusanya vitu vyake. Jua halikuonekana, lakini kuku wa pale uani walikuwa wameshaanza kulala, na hao hawadanganyi. Akasema, "Mama Yusta, nisamehe, wanangu..." Na kabla hajamaliza, tukasikia honi. Ile honi ndogo ya kibebi woka, kama bata aliyekabwa.

Kaliingia uani matope mpaka kwenye vioo, kamejaa watu. Milango ikafunguka wakashuka kama mbaazi, wote wamelowa, wote wanacheka. Kulwa suruali imekunjwa hadi mapajani, akina mama khanga zimefungwa viunoni. Yusta akatoka mwisho, hana viatu, akamkimbilia mama akapiga magoti mbele yake.

"Mama, tumebebwa! Maji yamekata barabara baada ya daraja, ng'ambo kule, mahali pabaya pale. Foleni yote imesimama. Lile la kijivu, mama, unalikumbuka? Lilinunuliwa na mtu wa Lupiro. Limezama katikati, linasubiri trekta. Nikasema nimekwisha. Nikalia kwenye usukani. Kulwa akashuka, akalizunguka gari, akaniuliza, 'Mwalimu, kwani hiki kina uzito gani?' Wakashuka wote. Wengine wakatoka mashambani, wale wale ninaowapa lifti. Wakashika chini ya bampa, wakashika milangoni, wakainua! Wakipumzika, wakiinua, wakatembea nacho pembeni mwa maji mpaka pakavu. Mimi nimetembea nyuma nimeshika viatu vyangu!"

Mama alikuwa ameinama mbele, jicho moja linawaka. Akainua mkono.

"Wa-tu," akasema, "wa-ngapi?"

Yusta akafungua mdomo, akafikiri. "Waliobeba? Wanane, mama. Na Kulwa ni kama wawili."

Mama akacheka. Nusu ya uso ilicheka, nusu ikabaki imelala, na sauti ikatoka, ile sauti ya Kivukoni niliyodhani imekufa.

Deo ndiye aliyeelewa. Alisimama taratibu, mkono kichwani. "Babu," akasema. "Babu alikuwa anauliza hivyo. Mtu akileta mtumbwi mpya pale Kivukoni, babu haulizi unapakia watu wangapi. Anauliza ni wa watu wangapi, maana yake, unanyanyuliwa na watu wangapi. Mto ukikauka mtumbwi unabebwa mabegani, mchangani, mpaka kwenye maji mengine. Alikuwa anasema ukichonga mtumbwi unaozidi watu ulio nao, umejichongea gogo." Akamtazama mama yake. "Ndivyo ulikuwa unauliza?"

Mama akafumba macho akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyetua mzigo.

Mimi nilikaa chini kwenye ngazi. Miaka yangu yote pale sheli, vidole vyangu vyote kwenye ekzosi, na nilikuwa nimemjibu mwenzangu "watu wa lifti".

 Deo akauchukua ule mfuko wa mlangoni, akaurudisha ndani, nikasikia anafungua kabati. Kisha akatoka, akamwambia dada yake, "Nipe ufunguo nikakioshe kigari chako, kimechafuka."

Kwa hiyo njooni tu, wanangu, barazani kwangu hamfukuzwi. Nitawafundisha kidole na ekzosi, na kujaza mpaka pampu ikate, na upepo wa Jumatatu. Nitawaambia mtafute la spea za hapa hapa na injini inayolingana na mzigo wenu. Lakini kabla hujanitajia gari lenyewe, jiandae, maana swali la kwanza litatoka kwangu, na usije ukanijibu viti.

La watu wangapi? Na hao watu, unao?